Kuku wa moshi na rojo la asali: niliyojifunza kwenye pipa, na niliyofundishwa na mama mkubwa

Samaki anayelia habanikwi. Mama mkubwa alilisema neno hilo kila asubuhi, kule kisiwani Ukerewe, kabla hajawasha tanuri lake la udongo. Samaki kulia ni kuchuruzika maji. Sangara akishapasuliwa na kuoshwa alilazwa juu ya kichanja cha miti, upepo wa ziwa ukampiga mpaka ngozi ikashika ukavu, ukimgusa kidole kinanata kidogo. Hapo ndipo anaingia kwenye moshi. Akiingia angali analia, moshi unamshika michirizi, huku mweusi huku mweupe, na masizi yanamganda. Mimi nilikuwa na miaka tisa, kumi hivi. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kunguru na kusogeza kuni.

Siku hizi nabanika kuku. Naishi Mwanza mjini, nina pipa nyuma ya nyumba, na ndugu wakiwa na shughuli, iwe ubatizo, kipaimara au kumuaga binti, upande wa kuku huniachia mimi. Ni kuku wa moshi anayepakwa rojo la asali, ukwaju na pilipili, anatoka anang'aa kama kabati la mninga lililopigwa vanishi jana. Watu wakila huuliza amepikwaje. Nikianza kujibu najikuta nasimulia makosa, maana mapishi yenyewe ni mafupi. Makosa ndiyo yaliyochukua miaka mitatu.

Na kosa kubwa kuliko yote lilitokana na kitu nilichokijua vizuri.

Wanawake wa kisiwani walikuwa na sababu ya kubanika sangara. Samaki huyu aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufika miaka ya 1980 alikuwa amelijaza. Dagaa na furu unawaanika juu ya mwamba, jua linawamaliza. Sangara hakubali. Ni mnene, ana mafuta mengi, jua halimfikii ndani. Anaharibika kabla hajakauka. Kwa hiyo ni moto, na kuni nyingi. Baadaye vikaja viwanda vya minofu vikawa vinachukua wale wakubwa wazuri, akina mama wakabaki na wadogo waliokataliwa, na mapanki, yaani vichwa na mifupa baada ya minofu kutolewa. Mama mkubwa alibanika vyote. Mzigo ulivuka kwenda Kirumba Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, na kutoka pale wafanyabiashara waliusukuma mbali zaidi, mwingine mpaka Kongo. Samaki wa kusafiri siku kadhaa bila barafu lazima awe amekauka hadi mfupani. Alibanika mchana kutwa, akafunika, kesho yake akarudia. Moshi wake ulikuwa na kazi ya kutoa maji, basi.

Nami nikauchukua moshi huo huo nikaupeleka kwa kuku.

Nilimweka kwenye moto mdogo, saa nne, saa tano, nikiamini kwamba kadiri anavyokaa ndivyo anavyokolea. Moshi ulikolea kweli. Lakini kidari kilikuwa nyuzinyuzi, ukitafuna unaomba maji, na ngozi ilikuwa kama mpira wa manati: unaivuta inavutika, haikatiki. Watoto waliichomoa wakaiweka pembeni ya sahani. Nikadhani sijabanika vya kutosha, safari iliyofuata nikaongeza saa nzima. Nasikitika nikikumbuka kuku wale, kwa sababu walikuwa wazuri na niliwaharibu kwa bidii.

Siku moja nikiwa nawageuza ndipo nilipoliona jambo lenyewe. Kuku huyu hasafiri kwenda Kongo. Anatoka kwenye pipa anaingia kwenye sinia, na ndani ya nusu saa ameliwa. Namtaka abaki na maji yake yote, na mimi nilikuwa nayatoa kwa ustadi niliofundishwa utotoni. Mama mkubwa hakunifundisha vibaya. Nilikuwa nafanya kazi yake juu ya nyama isiyohusika.

Video za Wamarekani nazo zilinipoteza. Kule Texas wanaweka kidari kizima cha ng'ombe kwenye moto wa nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi, saa kumi na mbili na zaidi, kinatoka laini. Nyama ile ni ngumu, imefumwa na utando mweupe unaohitaji muda mrefu ili uyeyuke. Kuku wa nyama wa wiki tano au sita hana utando wa kuyeyushwa saa kumi na mbili. Anataka moto wa kati. Mimi nalenga nyuzi 135 hadi 150, na kuku wa kilo moja na robo aliyepasuliwa mgongo akalazwa bapa anaiva kwa saa moja na nusu hivi. Kwenye joto hilo mafuta yaliyo chini ya ngozi yanayeyuka na kuchuruzika, ngozi inakauka, inakatika kwa jino. Kwenye nyuzi 110 mafuta yanabaki pale pale, ngozi inapikika bila kukauka, na huo ndio mpira niliokuwa nikiwapa watoto.

Kumlaza bapa ni jambo dogo lenye faida kubwa. Unakata mkasi kandokando ya uti wa mgongo, unautoa (nautia kwenye sufuria ya supu), unamgeuza, unambonyeza kidari kwa kiganja mpaka usikie mfupa umelia. Analala kama kitabu kilichofunuliwa. Mapaja unayaelekeza penye moto, kidari unakipeleka mbali, kwa sababu haviivi sawa. Kidari nakitoa kikigonga nyuzi 74, ambacho ndicho kipimo cha usalama kwa kuku. Paja naliacha lipande mpaka 80 na zaidi. Ni msuli uliotembea, kwenye 74 ni salama ila bado unavuta.

Nasema nyuzi kwa uhakika kwa sababu nilinunua kipimajoto cha nyama, kile chenye sindano. Kabla ya hapo nilikuwa nachoma kisu pajani na kutazama rangi ya maji yanayotoka. Yule anayesema mpishi mzoefu hahitaji kipimajoto sina ugomvi naye, lakini mimi nawalisha watoto wa watu, na sitaki kubahatisha.

Pipa lenyewe ni la lita 200, la kawaida. Nilitafuta lililobeba mafuta ya kula, maana lililobeba kemikali hulijui limenywa nini. Tukalichoma kwa moto mkali wa kuni mchana mzima mpaka rangi yote ikabanduka ndani na nje, nikalisugua. Fundi wa kuchomelea alitoboa matundu manne chini, kila moja na kifuniko chake cha kusogeza, na bomba fupi kwenye mfuniko. Wavu wa kulazia kuku alitaka kuuweka wa waya wenye rangi ya bati, ule wa mabanda, kwa kuwa ni rahisi na uko tayari. Nilikataa. Waya ule umepakwa zinki, na zinki haitakiwi kupashwa moto chini ya chakula. Akanichomelea nondo nyembamba tupu, mstari kwa mstari, akalalamika kidogo kuhusu muda, nikamwongezea hela. Wavu uko karibu sentimita 60 juu ya mkaa. Mkaa unakaa pembeni, na katikati chini ya kuku naweka sinia kuukuu lenye maji, ili mafuta yasidondokee makaa. Mafuta yakidondokea makaa yanatoa moshi mchafu wenye harufu ya taa ya chemli, na masizi ya aina hiyo yanahusishwa na saratani. Hatuwezi kuuondoa ubaya wote wa moshi, lakini huo tunaweza.

Matundu ndiyo stovu yako. Moto ukizidi unafunga tundu moja la chini, unasubiri dakika kumi, unatazama. Usifungue mfuniko kuchungulia. Kila ukifungua joto linaondoka na hewa inaingia, makaa yanachachamaa, ukifunga unakuta moto si ule uliouacha.

Sasa kuni. Mkaa ni wa joto, harufu inatoka kwenye mti. Amerika wanasifu miti yao ya hickory na pecan. Sisi tuna mwembe na mpera, na siombi zaidi. Mwembe una moshi mpole, haumfuniki kuku. Mpera una ukali fulani mtamu, na ndio ninaoupenda; jirani akipogoa mpera wake napeleka sukari kilo moja nachukua matawi. Nayakata vipande vya urefu wa kiganja na kuyaacha juu ya paa la banda miezi mitatu, minne, mpaka yakigongana yatoe sauti kavu. Mchungwa na mlimau pia vinafaa. Msonobari usiuguse, una utomvu, unamfanya kuku anuke vanishi. Mkaratusi vivyo hivyo. Mbao za makasha na za ujenzi usiziingize kabisa, nyingi zimepakwa dawa.

Wengi huloweka kuni majini ili zitoe moshi mwingi. Nilifanya hivyo. Moshi ukatoka kweli, mweupe, mzito, wa kukata kwa kisu, majirani wakaja kuuliza kuna nini. Kuku akawa mchungu mpaka ulimi unakufa ganzi. Moshi mweupe mzito ni kuni zinazolalamika, haziungui vizuri. Moshi unaotakiwa ni mwembamba, wa rangi ya samawati iliyofifia, wakati mwingine huuoni kabisa, unausikia tu puani.

Na hapa mama mkubwa alikuwa sahihi kuliko video zote. Yeye hakutazama rangi. Alitandaza kiganja juu ya tundu la tanuri, akahesabu polepole, akakileta puani. Kikiwa kinanuka ukali wa kuchoma koo, alisema "bado," akaketi. Kikinuka mkate, alisema "mlete." Nikiwa mtoto nilidhani anapima joto. Siku hizi kila mara kabla sijaweka kuku natandaza kiganja juu ya bomba, nanusa, na mara nyingi nasubiri dakika ishirini nyingine ambazo zamani nisingezisubiri.

Kuhusu kuku wa kununua: ninayemtumia ni wa nyama, au chotara akiwa bado mchanga. Wa kienyeji ana ladha ambayo hao wawili hawana, lakini ukimweka moja kwa moja kwenye pipa unapata ladha hiyo ndani ya kitu kisichotafunika. Njia niliyoipata ni kumchemsha kwanza, polepole, na tangawizi na chumvi, mpaka kisu kiingie pajani bila kusukumwa. Jogoo mzima anaweza kwenda saa mbili. Kisha namtoa, namwacha apoe na akauke, ndipo naye anakwenda kwenye moshi dakika arobaini na rojo lake mwishoni. Supu inabaki, na supu hiyo inatosha kuwa chakula cha wageni wanaofika mapema.

Chumvi inatangulia siku moja. Gramu 15 hivi kwa kila kilo ya kuku, yaani kijiko kimoja cha chakula kisichojaa sana, unapaka kote, ndani na nje, na kidogo chini ya ngozi ya kidari. Namweka kwenye friji usiku kucha bila kumfunika. Chumvi inavuta maji nje, maji yanayeyusha chumvi, halafu nyama inayanywa tena yakiwa na chumvi ndani. Asubuhi ngozi iko kavu, inanata kwenye kidole. Halii tena. Nilipoanza kufanya hivi rangi ya kuku wangu ikawa moja kutoka shingo hadi mguu, bila michirizi, nami nikakumbuka kichanja na kunguru.

Tuje kwenye rojo, kwa sababu ndilo lililoniaibisha mbele ya ukoo.

Ilikuwa kipaimara cha mtoto wa kaka yangu, kuku sita. Nilichanganya asali na pilipili na kitunguu saumu usiku, nikawapaka kuku wote, wakalala nayo. Asubuhi nikawaweka kwenye pipa, na kila baada ya dakika kumi nikawaongezea mkono mwingine. Wakati huo sikuwa na kipimajoto cha pipa. Ninavyojua sasa, lilikuwa limepita nyuzi 170. Baada ya dakika arobaini nilifungua mfuniko nikaona kuku sita weusi. Si hudhurungi ya kukolea, weusi wa lami, wenye malengelenge. Nikapasua paja moja: kwenye maungio damu mbichi. Nje kumeungua na ndani hakujaiva, na wageni wameshaanza kufika kutoka kanisani. Shemeji yangu alitazama, hakusema neno, akaenda kuwasha jiko la pili. Tuliwachuna ngozi, tukawakatakata, tukawapika mchuzi wa nyanya. Watu walikula. Lakini uchungu ulikuwa umeingia mpaka kwenye mchuzi, na mimi niliujua kila kijiko.

Asali haivumilii. Sukari ya matunda iliyomo ndani yake huanza kugeuka rangi kwenye nyuzi 110 hivi, wakati sukari ya kawaida huvumilia hadi karibu 160. Ukiipaka mwanzoni, inakuwa imemaliza safari yake yote saa nzima kabla kuku hajafika katikati ya safari yake. Kwa hiyo utamu unangoja. Napaka kidari kikiwa kimegonga nyuzi 65 au 66, yaani imebaki robo saa au dakika ishirini tu. Napaka mara tatu, nyembamba nyembamba. Mkono wa kwanza unazama, unapotea. Nasubiri dakika sita, natia wa pili, unashika. Wa tatu ndio unaong'aa. Ukipaka mkono mmoja mnene, unateleza wote unaishia kwenye sinia la maji. Kupaka natumia bua la mchaichai nililoliponda ncha mpaka likawa kama brashi; linapaka vizuri na linaacha harufu yake.

Rojo lenyewe, kwa kuku wawili, ni hivi. Ukwaju gramu 150 unauloweka kwenye kikombe cha maji ya moto, unaufikicha kwa vidole mpaka kokwa zibaki tupu, unauchuja. Pilipili mbuzi mbili, umezitoa mbegu kama unao watoto mezani, unazikata ndogo na kuzikaanga kidogo kwenye kijiko cha samli pamoja na kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa. Kuzikaanga si mapambo: ukali wa pilipili unayeyuka kwenye mafuta, hauyeyuki kwenye maji, hivyo ukizitupa tu kwenye ukwaju unapata mtu mmoja anayelia machozi na mwenzake hajahisi kitu. Kisha unamimina ukwaju, donge la sukari guru lenye ukubwa wa ndimu, chumvi, na unaacha vichemke polepole. Asali, vijiko sita vya chakula, inaingia mwisho moto ukiwa umepungua. Rojo liko tayari likishika mgongo wa kijiko, ukipitisha kidole njia inabaki wazi.

Kwa nini guru na asali pamoja? Asali inaleta mng'aro na harufu ya maua, lakini ikiwa peke yake inakinaisha. Vipande viwili mtu ameweka sahani chini. Guru lina ule uzito wa miwa iliyoungua kidogo, unaokubaliana na moshi. Na ukwaju ndio unaowafanya watu waendelee kula. Nilijaribu siki, nikajaribu ndimu, vyote vinafaa, ila uchachu wake unakwenda haraka. Ukwaju unakaa mdomoni. Asali natumia ya Tabora, ya nyuki wakubwa. Ya nyuki wadogo ni nyepesi, ina uchachu wake mzuri, lakini ni ghali na naona ni kuionea kuipeleka motoni.

Jambo moja la usafi ambalo nimeona hata wapishi wakubwa wakiliruka: rojo la kupaka ligawe na rojo la mezani tangu mwanzo, bakuli mbili. Bua likishagusa kuku ambaye hajaiva, bakuli lile halirudi mezani.

Baada ya kuiva kuku anapumzika dakika kumi kabla ya kukatwa. Dakika hizo ni ngumu, watu wamekaa na sahani.

Mama mkwe wangu alinipa somo jingine. Alikuja Krismasi, nikampa mguu, akauvunja, akaona nyama karibu na mfupa ina wekundu. Akaurudisha kwenye sinia taratibu.

"Mwanangu, mimi nyama mbichi siiwezi."

"Imeiva, mama. Nimepima."

"Naona damu."

Nilichukua kipimajoto nikachoma mbele yake, kikasoma 83. Hakushawishika, na sikumlaumu. Maisha yake yote wekundu wa kuku umekuwa na maana moja. Nikaurudisha mguu kwenye pipa dakika kumi na tano. Ulitoka na wekundu ule ule. Ndipo nikamweleza nilichokuwa nimekisoma: kuku hawa wanachinjwa wachanga, mifupa yao haijakomaa, rangi ya ndani ya mfupa inapenya kwenye nyama, na moshi wenyewe unaifunga nyama ya juu kwenye rangi ya waridi, hata ukipika mpaka jioni haiondoki. Kinachosema kuku ameiva ni joto, si rangi. Alinisikiliza. Akachukua kidari, ambacho ni cheupe. Tangu hapo wazee nawapangia kidari na mabawa, mapaja nawapa vijana, na hakuna anayelazimika kubishana na macho yake mezani.

Desemba iliyopita nilipanda meli kwenda Nansio, kule Ukerewe, na kuku wawili waliotiwa chumvi, wamelala kwenye kasha la barafu, na chupa ya rojo. Nilitaka niwabanike kwenye tanuri la mama mkubwa. Hajalitumia miaka mingi. Macho yake yana mtoto wa jicho, na kikohozi chake ni cha zamani. Miaka ile akina mama walikaa ndani ya moshi kutwa, vibanda vimefunikwa kuzuia mvua, na hakuna aliyewaambia wakae upande upepo unakotoka. Mimi pipa langu liko uwanjani, sisogei upande wa moshi, na makaa yanayofifia siyaingizi ndani hata kukiwa na baridi. Nilimwekea kiti mbali. Akakisogeza karibu.

Tanuri lilikuwa na ufa, tukauziba kwa udongo. Nikawasha, kuni za mpera nilizotoka nazo mjini. Nilipotaka kuweka kuku akanyoosha kiganja chake juu ya tundu, kikatulia pale, akakinusa.

"Bado."

Tukakaa. Akauliza habari za watoto, mmoja mmoja. Akanyoosha tena mkono. "Mlete."

Hakusema kitu kuku alipokuwa anaiva, aliuliza tu mara moja kama wanalia, nikamwambia hapana, wamekauka tangu jana. Mwishoni nilipoanza kupaka rojo alisikia sauti ya bua kwenye ngozi, akageuza uso.

"Hiyo ni nini?"

"Asali na ukwaju, mama."

"Mbona sasa? Si ungeipaka mapema ikolee?"

"Inaungua. Nimewahi kuunguza kuku sita."

Alikaa kimya akiwaza. Kisha akasema, bila huzuni, kama mtu anayehesabu mzigo wa siku nyingi: "Sisi sukari ya kumpaka samaki hatukuwa nayo."

Nilimkatia bawa na kipande cha paja, nikamwekea mkononi. Alinusa kwanza. Alikula bawa lote, akalamba vidole vya mkono ule ule alionusia moshi, akaniuliza kama kuni ni za mpera. Nikamwambia ndizo. Akanyoosha mkono tena kuelekea sinia, nikamsogezea.